Nani Alikuwa Anamkwangua Mume Wangu Macho

Kuna mtu alikuwa anamkwangua mume wangu macho.

Siyo yeye mwenyewe. Yeye hata sikujua yuko wapi, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe.

Nazungumzia picha zake. Stika nilizotengeneza kwa mikono yangu, sebuleni kwangu, nikazibandika kwenye kila nguzo na kila ukuta ulionikubalia.

Asubuhi napita, mume wangu ananitazama kutoka kwenye nguzo ya umeme. Jioni narudi, macho hayapo. Kumebaki madoa mawili meupe, na chini namba yangu ya simu imekwanguliwa yote.

Jirani mmoja aliniambia huo ni ushirikina, nitafute wataalamu. Mwingine akasema ni utundu wa watoto tu.

Mimi nikachagua watoto. Angalau na watoto mtu unapata usingizi.

Ukweli ulikuwa mbaya kuliko yote hayo. Ngoja nianzie mwanzo mnielewe.

Mimi ni mtengeneza stika. Mtaani wananiita Mama Stika, ingawa sijajaliwa mtoto. Ofisi yangu ni meza ya kulia chakula: kompyuta, printa, mkasi, rula na wembe, basi. Natengeneza stika za chupa za sabuni ya maji, za ndoo, za kofia za waendesha pikipiki.

Mume wangu alikuwa fundi bomba. Watu walimbatiza jina la Koki, likamganda mpaka na mimi nikawa namwita hivyohivyo. Mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu.

Tulikuwa tunaishi watatu. Mimi, Koki na mama yake, aliyehamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki.

Najua wengi mtaniona muongo, lakini mimi na mama mkwe tulikuwa tunaiva. Alikuwa ananiita mwanangu, na hakuwa anaigiza. Koki akinikosea, aliyekuwa anamsema ni yeye kabla sijafungua mdomo.

Basi, asubuhi moja Koki akabeba begi lake la spana. Akasema kuna nyumba bomba limepasuka, maji yanaingia mpaka chumbani, anawahi. Chai yake akaiacha nusu.

Hakurudi.

Simu ikawa haipatikani. Nikaenda polisi, nikaenda hospitali, nikaenda mpaka mochwari na kufunuliwa mashuka. Askari aliyeandika maelezo yangu aliniuliza kama tuligombana. Nikamwambia hapana. Akanitazama kwa lile jicho la nimeshazisikia sana hizi.

Lakini ndiyo ukweli. Hatukugombana. Wala hatukuwa na la kugombania.

Nikatoa matangazo ya karatasi. Picha yake, jina, namba yangu. Nikazunguka kutwa nzima nabandika kwa gundi ya ngano.

Mvua ikanyesha usiku huohuo. Asubuhi nilikuta wino umemtiririka mpaka shingoni, karatasi zimekuwa uji, nyingine ziko mtaroni. Nilikaa chini pale kwenye mtaro nikalia, watu wakawa wananipita.

Halafu nikajiuliza, wewe si ndiye unawatengenezea watu stika za sabuni, zinashinda kwenye maji na hazitoki? Sabuni ya watu inapata stika nzuri kuliko mume wako?

Nikarudi nyumbani nikawasha printa.

Kwa asiyejua kazi hii, siri yake ni uvumilivu. Unachapa kwenye ile karatasi ya plastiki yenye gundi nyuma. Usiiguse mpaka wino ukauke kabisa. Ikikauka, juu unaifunika kwa plastiki nyingine, ile nyembamba inayopitisha mwanga, huku unaisugua na kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki ndani. Unapokata, unaacha ukingo mtupu kuzunguka picha, maana maji huingilia pembeni. Ukikata kwenye picha yenyewe, umeyakaribisha.

Baada ya hapo unaiacha ikae, gundi ishike. Na ukuta unaufuta vumbi kwanza.

Mimi nilikuwa nazijaribu kwa kuzilaza ndani ya ndoo ya maji. Namwamkia Koki asubuhi ndani ya ndoo, mzima, hata nywele hazijachuja.

Mama mkwe ndiye alikuwa msaidizi wangu. Tunakaa mezani mchana, mimi nakata, yeye anasugua hewa itoke. Alikuwa anausugua uso wa mwanawe taratibu. Mimi nikawa namhurumia. Nasema moyoni, mama wa watu huyu, uchungu wa mwana anaujua mwenyewe.

Nikabandika mji mzima. Kituo cha mabasi, sokoni, kwenye matangi ya maji, nyuma ya mabasi ya safari ndefu. Makondakta wengine walinifukuza, wengine wakaniambia bandika dada, Mungu yupo.

Simu zikaanza kuingia.

Kuna aliyesema amemwona kanisani, mwingine amemwona baa, siku hiyohiyo, muda huohuo. Kuna mmoja alikuja mpaka mlangoni kwangu kamshika mkono mwanaume wa watu, mtu mzima na heshima zake, anamvuta kama mwizi wa kuku. Walifanana pua tu. Yule mwanaume akaniambia pole shemeji, laiti ningekuwa mimi. Nikacheka. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka nimecheka.

Sasa ndipo stika zikaanza kutoka.

Mwanzoni zilibanduliwa nzima, mtu anaanzia kwenye kona anavuta. Nikaanza kuzikata kona ziwe duara, ili ukucha ukose pa kushika.

Zikabanduliwa kwa wembe. Nikaja na ujanja mwingine: nikawa nazichanja chale nyembamba kabla ya kuzibandika, ukiivuta inakatika vipande vidogovidogo, huipati nzima hata ufanye nini.

Ndipo likaanza hilo la macho na namba ya simu. Mtu ameshindwa kuzitoa, akaona bora aziue hapohapo ukutani.

Nikaongeza plastiki ya pili juu. Ilikuwa imeshakuwa vita, mimi na mtu nisiyemjua.

Siku niliyomaliza zile za plastiki mbili, mama mkwe aliichukua moja, akaigeuzageuza. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa, aliniambia amejikata akimenya vitunguu.

Akauliza, "Na hii mtu akitaka kuitoa, itatoka?"

Nikamjibu kwa maringo kabisa. "Hii Mama, labda aondoke na ukuta."

Akaiweka chini, akachukua nyingine, akaendelea kusugua.

Aliyenifumbua macho ni fundi viatu wa pale karibu na zahanati. Kibanda chake kimetazamana na ukuta mrefu, na ukutani hapo nilikuwa nimembandika Koki kwa mstari, kama wagombea wa uchaguzi.

Nilipita kwake kushonewa kandambili. Akaniuliza kama yule mwenzangu anaendeleaje na mgongo.

Nikamuuliza mwenzangu yupi.

Akasema kuna mama mtu mzima, mtandio wa kijani, huja mchana jua likiwa kali na watu wamejificha ndani. Alidhani tunafanya kazi pamoja, huyu anabandika, huyu anasafisha. Siku nyingine humwazima kigoda akakae.

"Anakwangua polepole," akasema. "Kama anamtoa mtoto tongotongo."

Mtandio wa kijani nilimnunulia mimi.

Nikasema hapana. Mama mkwe ana magoti mabovu, hata getini anafika kwa kushika ukuta. Mitandio ya kijani iko mingi duniani.

Lakini kesho yake nilimuaga kwamba napeleka mzigo wa stika kwa mteja, nikaenda kukaa ndani ya kile kibanda, nyuma ya viatu vilivyoning'inizwa.

Alikuja.

Alikuja kwa mguu, anachechemea, kiroba mkononi. Akaangalia huku na huku. Akatoa kijiko cha chai. Kijiko cha kwangu, cha jikoni kwangu. Akamshika mwanawe shavu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaanza kumkwangua jicho.

Fundi viatu aliniangalia, akaelewa, akainamia kiatu chake.

Nilitoka nikamwendea. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, yote yakayeyuka.

Nikasema, "Mama."

Akageuka. Hakushtuka. Alionekana mtu aliyechoka tu, jasho linamtoka chini ya mtandio.

"Hizi za sasa umezidisha, mwanangu," akasema. "Ngumu. Vidole vinaniuma."

Nikamshika mkono nikamkalisha kwenye kile kigoda. Fundi viatu akasema anakwenda kununua uzi, akatuachia kibanda.

"Yuko hai," mama mkwe akasema.

Nisiwadanganye, kwa kitambo kidogo nilifurahi. Niliona jua, niliona watu wanapita, kila kitu kizuri. Yuko hai. Halafu kichwa kikaanza kufanya kazi.

Akanieleza yote, bila kuniangalia. Koki alimpigia kwa namba mpya siku chache tu baada ya kuondoka, mimi nikiwa nimetoka kwenda kumtafuta. Alimwambia yuko mji mwingine, mbali, amepata kazi, haumwi. Alimwambia harudi, na asiniambie.

Nikamuuliza sababu. Ana mwanamke? Ana kesi? Kuna mtu anamtafuta?

"Nilimuuliza yote hayo," akasema. "Alisema amechoka."

"Amechoka na nini?"

"Hakusema."

Baadaye stika zikafika huko aliko, mgongoni mwa basi. Mtu kazini kwake akamuuliza, hivi huyu siyo wewe? Akampigia mama yake akiwa amepaniki. Akamwambia zitoe. Zitoe zote hapo mjini. Siwezi kukanyaga huko sura yangu iko kila nguzo. Zikiisha, watu wakisahau, nitakuja nikuchukue.

"Kwa hiyo unazitoa," nikasema.

"Nilikuwa nazitoa. Nikitoa hizi, wewe unabandika zile. Halafu unaniletea nisugue."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na mimi si mtu wa kumpandishia mama yule sauti.

Hapo ndipo aliponiangalia.

"Ningekuambia, ungeniweka wapi? Hamna mtoto. Mimi na wewe tulifungwa na mtu mmoja, na huyo ameondoka. Ungejua, ungenipa begi langu, na ungekuwa na haki. Ningekwenda kwa nani?"

Nilitaka kumwambia nisingefanya hivyo. Nikafungua mdomo. Lakini siku ile, pale kwenye kigoda, sikuwa na hakika, na yeye aliona.

Nikamwomba simu yake. Kile kisimu cha vitufe. Akanipa bila ubishi.

Ikaita. Ikapokelewa haraka.

"Zimeisha, Mama?"

Ndiyo neno la kwanza nililolisikia kutoka kwa mume wangu baada ya kumlilia muda wote ule. Zimeisha. Hakumwamkia mama yake wala kumuuliza hali. Nyuma yake maji yalikuwa yanamwagika kwenye kitu cha bati, bado yuko na mabomba yake.

Nikasema, "Ni mimi."

Nilimsikia anapumua.

Nilikuwa na maswali ya kujaza gunia. Likatoka moja tu. Nilimuuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea kitu," akasema.

Akakata.

Ningeshukuru angenitukana. Ningeshukuru angesema nilikuwa mchafu, mlevi, mgomvi, chochote, mtu nikapata pa kushika. Hujanikosea kitu. Sasa hapo unajirekebisha nini? Unalia nini? Nilirudi kupiga, haikupatikana. Haijapatikana tena mpaka leo naandika hapa.

Tukarudi nyumbani. Nikapika, akala kidogo, nikaosha vyombo. Kile kijiko kilikuwa kimepinda. Nikakiosha nikakiweka na wenzake.

Wengi mtauliza kama nilimfukuza. Sikumfukuza. Siyo kwamba nina roho nzuri sana, hapana. Niliamka asubuhi nikamkuta ameshafagia, ameshabandika chai, anasubiri nimwambie. Sikuweza. Nikanywa ile chai.

Halafu nikamwambia twende tukazitoe.

Sikufanya kwa ajili ya Koki. Sikutaka tena kwenda dukani nikitazamwa na sura ile. Na mimi niliyezitengeneza ndiye niliyejua zinatokaje.

Hukwangui. Unalowesha kitambaa kwa maji ya moto, unaifunika stika, unasubiri gundi ilegee. Kisha unaingiza ukucha taratibu, huku unaongeza maji. Ile gundi inayobaki unaifuta kwa mafuta ya kupikia.

Tukawa tunatoka na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Mimi nafunika kwa kitambaa, yeye anabandua. Watu wakituona wakadhani tumepata maiti. Wakawa wanatupa pole, wengine wanatushika mikono. Tukawa tunajibu tumeshapoa.

Yeye alikuwa anafanya kwa bidii ya ajabu. Magoti yale yale mabovu yalikuwa yananiacha nyuma. Mimi nilijua anachokiwaza. Kila moja iliyotoka, kwake ilikuwa hatua ya mwanawe kuja.

Zikaisha. Tukazunguka tena kuhakikisha. Nguzo safi, kuta safi, matangi safi. Hata yale mabasi tuliyoyakuta kituoni.

Siku hiyo alioga mapema, akafua nguo zake zote, akazikunja. Akapanga begi. Akampigia mwanawe amwambie kazi imekwisha.

Namba unayopiga haipatikani.

Akasema mtandao unasumbua. Akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango, begi miguuni.

Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo. Likipita pikipiki, anashika mkanda wa begi.

Nilivumilia, mwisho nikaona namfanyia unyama kunyamaza. Nikapiga magoti mbele ya kile kiti, nikamshika mikono. Nikamwambia, Mama, huyu haji.

Alifikiri sana. Akasema, "Labda kuna moja tumeisahau."

Jamani.

Akaanza kutoka kwenda kuitafuta. Anaondoka na kitambaa chake na kichupa cha mafuta, anarudi amechoka, mikono mitupu. Anaangalia nyuma ya vibao vya maduka, chini ya mabenchi, uchochoroni. Nilimkataza, akawa anasubiri nitoke. Fundi viatu akawa ananipa taarifa: leo kapita, leo kaanguka kidogo, nimemwinua.

Siku moja hakutoka. Nikadhani amepona. Kumbe hakuamka kitandani kabisa. Nikampelekea uji, akageukia ukutani. Nikamletea daktari, akampima, akasema mwili hauna kitu, aendelee kula. Alikuwa hali chochote. Alikuwa ameangalia kila mahali, haikuwepo, na mwanawe hajaja. Akili yake ilikuwa inamalizia hesabu iliyobaki.

Niliona namkosa hivihivi. Na nikimkosa yeye, ndani ya nyumba ile nabaki mimi na printa.

Nikaifungua ile picha kwenye kompyuta. Nikachapa moja.

Nikaenda kuibandika nyuma ya kibanda cha fundi viatu, chini, usawa wa mtu aliyekaa kigodani. Nikarudi nikamwambia, Mama, leo nimepita kule kwa fundi, ni kama nimeona kitu.

Aliamka. Nakwambia aliamka, akavaa, akatafuta mtandio.

Alirudi jioni kaishika kiganjani, imekunjamana. Akanionyesha kama mtu aliyeokota pete. Akasema si nilikuambia, mwanangu, kulikuwa na moja. Akala sahani yote. Akapiga simu, haikupatikana, akasema atajaribu kesho. Akarudisha begi lake karibu na mlango.

Likapita juma zuri. Kisha nikamwona anaanza tena kuugeukia ule ukuta wa chumba.

Nikachapa nyingine.

Mpaka leo ndivyo tunavyoishi. Akianza kuacha chakula, natengeneza moja, naibandika mahali magoti yake yanafika. Hizi siku hizi siziwekei plastiki ya juu. Natumia karatasi ya kawaida tu, na gundi kidogo, ili vidole vyake visiumie.

Najua ni uongo. Najua siku itafika hataamka hata kwa hiyo. Na najua siku hiyo, namba inayopatikana ya kumpa taarifa mwanawe sina.

Niliyojifunza ni haya. Ukitaka kuondoka kwenye maisha ya mtu, ondoka, hakuna atakayekufunga kamba. Lakini simama mlangoni useme, naondoka, sirudi. Utalaumiwa, utaliliwa, utatukanwa, itapita. Usitoke na begi la spana ukasema unawahi bomba.

Nyuma yako kuna watu watabaki wanatafuta. Na wengine hawajui kuacha.